Kundi la Watani

Kaka yangu Otmari ana tabia ya kufungia kabatini kila kitu cha thamani, na ruta ya mtandao wa nyumba aliifungia humo humo, chini ya mablanketi, ufunguo akautia mfukoni. Halafu ananipigia simu kulalamika kwamba akiingia jikoni nyumba haimtambui.

"Hivi wewe ni mzima kweli?" nilimwuliza siku nilipofika na mkoba wangu wa vifaa. "Mawimbi yatapita vipi kwenye mablanketi ya mama na mbao za mninga?"

"Fundi ni wewe. Mimi mwalimu wa kilimo."

"Basi nenda kalime, niache nifanye kazi."

Nilikuwa na hasira kwa sababu yule ni kaka yangu wa tumbo moja, hatuna mwingine, na alikuwa analala kwenye nyumba yenye tundu la ulinzi. Mtandao wa nyumba siku hizo haukuwa wa kutumiana salamu na picha tu. Tangu polisi waondolewe mitaani Songea na ulinzi ukaachiwa nyumba zenyewe, kila mwenye ukuta alitundika vinasa kwenye pembe zake. Kinasa ni kidude cha ukubwa wa kisahani cha chai. Kinarusha mawimbi, mawimbi yanapita kwenye miili ya watu, yakirudi yanaiambia ruta nani anatembea, anapumua vipi, ameshika chuma au hana. Ruta ikiona mtu si wa hapo na amenyanyua mkono kwa shari, inakiagiza kinasa cha karibu kiteme umeme. Mtu mwenye afya anaanguka, anajikojolea, baadaye anaamka na kichwa kinamgonga. Ndivyo tulivyoishi na wala hatukuona ajabu.

Niliitoa ruta kabatini nikaipandisha darini, juu ya korido, katikati kabisa ya nyumba. Nje ya ukuta wa jikoni Otmari ameweka simtanki la maji, na maji yanameza mawimbi vibaya sana, kwa hiyo nikalaza kebo darini mpaka jikoni na kufunga kinasa kipya huko. Nikazunguka na kishikwambi chumba kwa chumba nikipima. Palipokuwa na tundu nikapaziba. Kisha nikaiunga nyumba ile na za majirani, ili kona ambayo kinasa cha huyu hakifiki, cha jirani kifike. Mtaa mzima niliuunga mimi, nyumba kwa nyumba, na kichwa cha mtandao wote kikawa ile ruta ya darini kwa Otmari. Atakayekishika kichwa hicho anamfungulia au kumfungia mtu yeyote geti lolote la mtaa. Nilijua hilo. Nilisema nani atapanda darini kwa mwalimu wa kilimo?

Nikiwa bado kwenye ngazi, nikasikia mtu ananguruma getini.

"Wangoni! Tokeni nje mmoja mmoja! Nimekuja kumalizia vita ya babu yangu!"

Kinasa cha geti kikaanza kulia kile kilio chembamba cha kabla ya kutema. Niliruka toka kwenye ngazi nikapiga kitufe cha kusimamisha. Alikuwa ni Mzee Kihwele, jirani wa nyumba ya tatu, panga juu, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Mzee, utakufa wewe!" nilimfokea. "Na hilo dude ulilowekewa kifuani?"

"Nife kwa mkono wa Mngoni? Aibu hiyo nitaipeleka wapi Iringa?"

Madaktari walimwekea kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na kovu alilionyesha kila aliyekubali kuliangalia. Umeme wa kinasa ungekizima papo hapo. Lakini ungemwambia nini? Wahehe na Wangoni walichinjana enzi za mababu mpaka wakachoka, na tangu hapo wakawa watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na hununi. Kwenye msiba wako anakuja na panga, anabeba sufuria la nyama, analala mlangoni jeneza lisitoke, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

"Asimame hapa nyumba imsome mwendo na pumzi," nilimwambia Otmari. "Ni muda wa kuchemsha chai tu. Nimwingize kwenye jamaa wa nyumba."

"Mhehe kwenye ukoo wangu? Bibi si atafufuka!" Otmari akamkonyeza mzee. "Mtengenezee kundi lake. Liite Watani. Wakija wapige kelele, wanyanyue mapanga, waibe hata jiko, wasiguswe."

"Tena mimi ndiye mkubwa wa kundi," akasema Mzee Kihwele. "Mniandikie hivyo."

Tukacheka wote. Nikatengeneza kundi. Mtu yeyote ambaye Otmari angemwita mtani, nyumba ingemwacha apite hata akiwa amenyanyua shoka. Nilijisifu sana siku ile kwamba nimeifundisha mashine utani.

*

Mama yetu alifariki mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika. Tukamzika, watani wakaja wakatutesa vizuri, Mzee Kihwele akavaa gauni la marehemu akazunguka nalo kaburini akidai yeye ndiye mjane. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja.

Siku ya kuanua matanga, wageni wengi walikuwa wameshaondoka. Mchana wa jua kali. Wanawake wa ukoo walikuwa nyuma ya nyumba wanasugua masufuria. Mzee Kihwele alikuwa kwenye benchi la korido na sahani yake ya wali, anamlaumu Otmari kwamba Wangoni hawajui kukaanga nyama. Mimi nilikuwa darini juu yao, kwa sababu panya walishaanza kuitafuna ile kebo ya jikoni, nami naivalisha bomba. Kishikwambi nilikuwa nacho kifuani.

Kelele zikaanza barabarani.

"Tunamtaka bibi yetu! Mmemficha wapi? Leo mtatutambua!"

Nilichungulia kwenye upenyo wa bati. Kundi la wanaume, nyuso wamezipaka unga, magunia mabegani, mapanga wanayagonga kwenye nguzo za geti. Watani kabisa. Ndivyo wanavyokuja.

"Mmechelewa, bibi tumeshamzika!" Otmari akawajibu huku anacheka, akatoka barazani.

Nyumba ikauliza kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka: "Nani?"

"Watani hao. Waache."

Geti likafunguka. Chini yangu nikamsikia Mzee Kihwele ameweka sahani.

"Otmari," akaita. "Otmari, hao ni wa wapi? Hao mimi siwajui."

Otmari alikuwa ameshanyoosha mkono kumsalimia wa mbele, mwanamume mwenye koti la mvua. Yule akaukata mkono ule. Sikuelewa nilichokiona. Niliona kaka yangu ameshika kiganja chake na damu inaruka mpaka kwenye maua, na bado usoni ana tabasamu lililokuwa halijapata habari.

Kisha akapiga yowe, na wanawake kule nyuma wakapiga mayowe, nikasikia masufuria yanaanguka na miguu inakimbilia shambani. Watu wale wakamburuta Otmari mpaka kwenye korido, nami nikatambaa mpaka kwenye upenyo wa mlango wa dari. Mmoja akampiga kwa ubapa wa panga mgongoni, mwingine akampiga teke la uso, jino likagonga ukuta. Vinasa vilikuwa vinawaangalia. Niliviona kwenye kishikwambi vyote vina taa ya kijani. Watani, watani, watani, watani.

"Kichwa cha mtandao kiko wapi?" aliuliza mwenye koti.

"Sijui."

Panga likashuka begani. Sijawahi kusikia sauti ile, ya panga kwenye mfupa wa mtu ninayemjua.

"Kiko wapi?"

"Fundi anajua. Fundi ameondoka... ameondoka asubuhi."

Alijua niko juu ya kichwa chake. Alijua, na hakuinua hata macho.

Mzee Kihwele akanyanyuka na fimbo yake. "Mwacheni mtoto wa watu!" Akampiga mmoja sikioni, na kwa umri ule alimpiga vizuri, jamaa akayumba. Wakamsukuma, akaanguka chini ya mlango wa dari, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele. Akatazama juu. Macho yetu yakakutana kwenye ule upenyo.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kioo. Nilikuwa nimeshafika pale penye swali: *Ondoa kundi la Watani? Ndiyo. Hapana.* Wale washenzi wote walikuwa wameingia kwa jina moja, hapakuwa na namna ya kumchagua mmoja. Mkubwa wa kundi alikuwa na dude kifuani, na nyumba ilikuwa imeshamwona akinyanyua fimbo. Kumhamishia kwenye jamaa kulitaka asimame, atembee, nyumba imsome. Muda wa kuchemsha chai.

Aliona kishikwambi. Hakuwa mjinga, akaelewa nataka kufanya nini.

"Zaveria," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Usinitoe."

Nikamtazama.

"Mwanangu, usinitoe. Naogopa."

"Mlazeni kizingitini," mwenye koti akaamuru. "Huyu hasemi. Tutabomoa nyumba wenyewe."

Wakamgeuza Otmari, shingo yake wakailaza kwenye kizingiti cha sebule, mmoja akamkalia mgongoni, mwingine akamvuta nywele. Kama mbuzi wa sikukuu. Kaka yangu akaanza kusema jina la mama, mama aliyekuwa kaburini.

Nilimpenda Mzee Kihwele. Nasema hivyo na msiniulize mara mbili. Alikuwa na haki ya kuishi kama mtu mwingine yeyote, na aliniomba kwa mdomo wake, na nilimsikia vizuri. Yule mwenye koti akanyanyua panga.

Nikagusa *Ndiyo*.

Vinasa vyote vikalia pamoja na kutema pamoja. Korido ikawa nyeupe. Sauti yake ni ya maji yakimwagikia mafuta ya moto, na harufu ni ya nywele zinazoungua. Aliyemkalia Otmari alirushwa akagonga mlango wa choo kwa uso. Mwingine aliuma ulimi wake mpaka kipande kikabaki sakafuni. Mmoja aliyekuwa karibu na baraza alipigwa upande tu, akatambaa, akainuka, akaruka ukuta akapotea. Panga lililokuwa juu ya shingo ya kaka yangu likaanguka sakafuni.

Mzee Kihwele mgongo wake ulijikunja, visigino vikapiga sakafu, vikapiga tena. Halafu vikatulia.

Niliteremka, au nilianguka, sikumbuki. Mwenye koti alikuwa bado anajivuta. Lile koti la plastiki lilimkinga kidogo, na vidole vyake vilikuwa vinalitafuta panga. Mimi nilikuwa na nyundo ndogo ya kupigilia klipu za kebo. Nilimpiga kwenye mkono. Nikampiga kwenye taya. Nikaendelea kumpiga, na nilikuwa napiga kelele, "Unaona? Unaona ulichonifanyisha?" mpaka unga usoni mwake ukawa ujiuji mwekundu.

"Zaveria!" Otmari alikuwa ananiita akiwa amelala pale pale. "Zaveria, basi. Inatosha. Basi, dada."

Niliitia nyundo mkandani nikamgeukia mzee. Nilimfungua vifungo vya shati, nikambonyeza kifua, nikabonyeza, nikabonyeza. Kovu lake lilikuwa pale chini ya kiganja changu.

*

Majirani walikuja wakawafunga wale waliobaki kwa kebo zangu mwenyewe. Mwenye koti hakufungwa, hapakuwa na haja. Otmari wakamfunga mkono na bega kwa kanga, akakataa kupelekwa popote kwanza. Akaketi barazani, rangi imemtoka.

Bi Onorata, mke wa Mzee Kihwele, alitokea barabarani anatembea polepole. Mtu alikuwa amempasha habari. Watu wakampisha mpaka getini, naye alipotaka kuingia, kinasa kikalia na taa ikawa nyekundu.

"Mtu huyu haruhusiwi," nyumba ikasema.

Mungu wangu. Yeye naye tulimwingiza kwenye Watani, pamoja na mumewe. Nikakimbilia getini.

"Shikamoo, mama. Usisogee, nakuomba. Usisogee kabisa."

Hakuitikia. "Mume wangu yuko humo?"

"Yumo, mama."

"Amekufa?"

"Amekufa."

Alikaza kanga yake mabegani. Otmari akaniwahi kusema, kutoka kule barazani, na sauti yake ilikuwa dhaifu: "Alijitoa, mama. Mzee alijitoa mwenyewe. Alimwambia Zaveria atutoe watani wote ili sisi tupone. Ni shujaa yule." Watu wakaanza kuguna kwa heshima, na mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Kaka yangu alikuwa ananiokoa. Hakuwa amesikia neno lolote, alikuwa na shingo kizingitini.

Bi Onorata alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Wewe ndiye uliyekuwa juu. Alisema nini?"

Kila mtu pale alitaka niseme alichosema Otmari. Hata mimi nilitaka. Uongo wenyewe ulikuwa mzuri, ulimfaa marehemu na ulinifaa mimi.

"Alisema nisimtoe," nikajibu. "Alisema anaogopa."

"Ukamtoa."

"Nikamtoa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilijua. Mwoga yule. Hata sindano alikuwa anataka nimshike mkono. Angejitoa wapi?" Machozi yakamtoka wakati huo, yakamshuka tu, hakuyafuta. "Aliomba na hukumsikiliza."

"Walikuwa wanamchinja kaka yangu, mama."

"Najua. Na mimi ningekuwa na kaka ningefanya hivyo hivyo. Haikusaidii kitu." Akashika nondo za geti. "Siingii humu kama mgeni. Kama mtani ndiyo usiseme. Nipe nyumba hii mkononi mwangu, ndipo niingie nimchukue mtu wangu."

"Zaveria, hapana," Otmari akasema. "Kichwa cha mtaa mzima kiko humo. Na yule mmoja yuko nje bado."

Ni kweli alikuwa nje. Lakini mjane yule alikuwa amesimama juani mbele ya mashine iliyomwua mumewe, na mashine hiyo inamwambia haruhusiwi. Nilipitisha kishikwambi katikati ya nondo. Nikamwambia atembee mbele na nyuma, apumue kama kawaida yake. Ulikuwa muda wa kuchemsha chai, na watu wote walisimama wakimtazama anavyokwenda na kurudi. Mwisho nikapenyeza mkono kwenye nondo nikaandika jina lake mahali penye *Mwenye nyumba*.

"Karibu nyumbani, Onorata," nyumba ikasema, na geti likafunguka.

Alipita bila kumgusa mtu. Akapiga magoti koridoni, akamfunga mumewe vifungo nilivyovifungua, akamfumba macho, akamfuta wali kwenye ndevu. Akamwambia maneno ya Kihehe ambayo sikuyaelewa. Kisha akaniita kwa ishara, naye bado amekishika kishikwambi.

"Humu mtu anaondolewa vipi?"

Nilijua anachokitaka. Nikainama nikamwonyesha, kama ninavyowaonyesha wateja wote. "Unagusa jina. Linafunguka. Unaona hapo chini pameandikwa *Ondoa*."

Akasoma majina taratibu, kidole kinashuka. Kikasimama kwenye langu.

"Ni hapa?"

"Ni hapo, mama."

"Nataka ujue inavyokuwa," akasema, na hapakuwa na hasira kwenye sauti yake. Akagusa.

Kinasa cha korido kikaanza kulia. Kisha cha sebule, kisha cha jikoni, kile kipya nilichokifunga kwa mikono yangu. Taa zote nyekundu.

"Mtu huyu haruhusiwi."

"Una nyundo mkandani," Otmari akasema kwa sauti ya chini kutoka barazani. "Usinyanyue mkono. Dada, nakuomba, usinyanyue mkono."

Niliuchomoa mpini kwa vidole, nikaiteremsha nyundo mpaka sakafuni bila kupinda kiwiko. Nikatembea. Nilimpita Otmari barazani nikingoja aseme neno, amwambie mama yule anirudishe, au ainuke anifuate. Alitazama kanga iliyolowa damu mkononi mwake. Sikumlaumu. Aliumia sana, na mwenye nyumba sasa hakuwa yeye.

Geti likajifunga nyuma yangu. Nikageukia kwa jirani wa kulia, ambaye nimemfungia kinasa cha baraza na kunywa uji kwake, na taa ya geti lake ikawa nyekundu kabla sijafika. Nikageukia kwa wa kushoto. Majirani walikuwa wananitazama kutoka nyuma ya kuta, wamejishika vichwa, hakuna aliyejua namna ya kunifungulia, kwa sababu anayejua ni mimi. Kule chini, mwisho wa mtaa, kwenye kivuli cha kituo cha umeme, kulikuwa na mtu amechuchumaa, uso wake bado mweupe kwa unga. Nikaenda katikati ya barabara, mikono chini, na kila nyumba niliyoipita iliniambia mtu huyu haruhusiwi.